KUFUNGA SI KUFUNGWA

Somo la vikundi vya maombi. Tusome kwanza nyumbani: Isaya 58:1-12, 1 Samweli 14:24-45, Marko 5:35-43 na Marko 9:14-29.



Kila mara zinapotangazwa siku tatu za maombi na kufunga, maulizo ni yale yale mlangoni mwa kanisa. Mmoja anauliza kama maji yanaruhusiwa. Mwingine anauliza kama atameza vidonge vyake vya asubuhi. Na safari hii mama mmoja, akiwa amemshika mtoto mkono, alituuliza: "Na huyu naye afunge?" Maulizo mawili ya kwanza tuliyajibu palepale. Lile la tatu lilitunyamazisha, juu ya sababu ambayo tutaieleza mbele kidogo. Ndiyo maana tumeandika somo hili.

Lugha yetu ya Kiswahili inatusaidia pahali hapa. Tunasema kufunga mlango, kufunga mbuzi, kufunga mtu gerezani, na tunasema kufunga kwa ajili ya maombi. Neno ni moja. Na jioni, yule aliyefunga akila, tunasema amefungua. Sasa tuchukue Isaya 58. Watu wanamlalamikia Mungu: tumejinyima chakula, mbona wewe hutuangalii? Mungu anawaonyesha jinsi siku yao ya kufunga ilivyokuwa. Siku ile ile walitafuta faida, waliwabana watumishi wao, waligombana mpaka kupigana ngumi. Kisha anawaambia kufunga anakokupenda yeye: mtu aliyeonewa aachiliwe, kamba aliyofungwa ikatwe, mwenye njaa apate sehemu ya chakula chako, asiye na nyumba aingie kwako, asiye na nguo avikwe. Angalieni vizuri. Mungu ameulizwa habari ya kufunga, naye amejibu habari ya kufungua.

Tupige mfano wa hapa kwetu Kindu. Baba mmoja mwenye duka amefunga siku tatu, sauti yake imekauka kwa maombi. Siku ya pili anafika mlangoni kijana aliyemsukumia magunia kwa baiskeli kutoka Kalima. Wote tunaijua njia ile, matope yake na vilima vyake. Kijana anadai malipo yake. Baba anamjibu: "Leo sisemi mambo ya pesa, niko katika maombi." Kijana anarudi kwake bila hata franka moja, na usiku ule watoto wake wanalala bila kula. Basi nyumba mbili zimekaa na njaa siku ile. Baba alichagua njaa yake. Watoto wa kijana hawakuulizwa, wamefungishwa na mtu wasiyemjua, naye yuko kanisani amepiga magoti. Isaya anasema kwamba Mungu anaziona nyumba zote mbili.

Wakristo wa zamani walielewa jambo hili mapema. Kuna kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma, kilichoandikwa Roma katika karne ya pili. Kinamwelekeza Mkristo kwamba siku ya kufunga ale mkate na maji tu, ahesabu gharama ya chakula ambacho angekula siku ile, na pesa hiyo ampe mjane, yatima au mtu mwenye shida. Kwao hesabu ilikuwa rahisi: chakula kilichotoka kwenye sahani yangu kinapaswa kuonekana kwenye sahani ya mwingine. Kama hakionekani pahali popote, kimekwenda wapi? Mara nyingi, tuseme kweli, kimebaki chunguni, na sisi wenyewe tunakimaliza usiku kwa haraka.

Sasa tuseme juu ya njaa, maana kati yetu kuna wanaoichanganya na kufunga.

Sisi wa Kindu tunaijua njaa. Waliokuwa hapa katika vita iliyoanza 1998 hawahitaji kuelezwa. Mji ulishikwa na waasi wa RCD mwezi wa Oktoba mwaka ule, na treni ya kutoka kusini haikufika tena kwa miaka. Kufika 2002, waasi walikuwa ndani ya mji na Mai-Mai walikuwa porini, na njia za mashamba zilikuwa zimekatika. Mama aliyezoea kwenda kwenye mihogo yake alirudi mikono mitupu, au hakurudi. Kilicholetwa na ndege kilikuwa na bei ya matajiri. Tulikula sombe bila chumvi na bila mawese. Watoto walivimba miguu na nywele zao zikawa nyekundu.

Wakati ule wahubiri wengine walitufariji wakisema: msihuzunike, hesabuni njaa hii kuwa mfungo wenu, Mungu ataipokea. Nia yao ilikuwa nzuri. Nasi tuliyapenda maneno yale, kwa kuwa yaliipa njaa yetu heshima. Lakini tukisoma Matendo ya Mitume 27 tunaona Paulo alifanya tofauti. Walikuwa watu 276 katika meli, dhoruba inawapiga, na ilikuwa siku ya kumi na nne hawajala kitu. Kama kuna watu ambao wangeweza kuambiwa kwamba wamefunga vizuri, ni hao. Paulo hakuwaambia waendelee mpaka Mungu ajibu. Aliwasihi wale, kwa sababu walihitaji nguvu ya kuokoka. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akamega, akaanza kula yeye mwenyewe. Nao wakachangamka wakala. Na Paulo katika meli ile alikuwa nani? Alikuwa mfungwa. Mtu aliyefungwa ndiye aliyewafungua wengine.

Basi, njaa isiyochaguliwa si mfungo. Ni njaa. Dawa yake ni chakula, na mwenye chakula asimfundishe mwenye njaa kuiita kwa jina lingine.

Tufike sasa kwenye deni letu.

Mwaka ule wa 2002, katika mtaa wetu kulikuwa na binti wa karibu miaka tisa. Mama yake alikuwa amekufa, na baba yake alikwenda porini kutafuta chakula, hakuonekana tena. Alikaa katika nyumba ya ndugu ya baba yake. Katika nyumba ile mtoto mchanga akaugua, biashara ndogo ya mkaa ikaanguka, na watu wakaanza kunong'ona. Walisema binti huyu usiku analia akisema maneno, na kwamba anatazama watu wakila kwa macho ambayo si ya mtoto. Sisi leo tunajiuliza: mtoto mwenye njaa angewatazama watu wakila kwa macho gani mengine? Lakini siku zile hatukujiuliza. Alipelekwa katika chumba kimoja cha maombi. Hatutakitaja, hakiko tena, na waliokiongoza wengine wamekwisha kulala. Lakini hatutasema "wao". Tulikuwamo. Wengine wetu walioandika somo hili walikaa katika mkeka ule ule.

Iliamriwa binti afunge siku tatu, bila chakula na bila maji, ili kile kilicho ndani yake kitoke. Sisi tulifunga pamoja naye mchana. Jioni tulikwenda makwetu tukafungua kwa kidogo tulichokuwa nacho. Yeye hakufunguliwa.

Usiku wa pili shangazi yake, dada ya baba yake, alipita nyuma ya nyumba na kikombe cha plastiki. Ndani kulikuwa na uji wa mchele wenye sukari. Mwaka ule sukari aliitoa wapi, mpaka leo hatujui. Asubuhi tuliona midomo ya mtoto si mikavu tena, tukauliza. Shangazi alikuwa amekaa palepale, hakukimbia. Alisema: "Amekunywa. Mimi ndiye niliyempa." Tulimkemea mbele ya watu wote. Tulimwambia ameharibu maombi, na kwamba damu ya yule mtoto mchanga aliyeugua itadaiwa kwake. Tulimkataza kuimba pamoja na akina mama kwa miezi mitatu. Hakujibu. Alimfunga binti mgongoni kwa kitenge, mtoto wa miaka tisa, naye aliweza kumbeba juu mtoto alikuwa mwepesi, akaenda zake.

Juma lile mzee mmoja Mwislamu, jirani yetu, alituita kando. Kindu yetu ni mji wa Wakristo na Waislamu, tunazikana na tunaombana chumvi. Mzee akasema kwa upole: "Kwetu mtoto hafungi mpaka abalehe. Mgonjwa anakula, msafiri anakula, mama anayenyonyesha akiogopa juu ya mtoto wake anakula, atalipa baadaye. Kwenu ni nani aliyemfungisha yule binti?" Tulikasirika. Tulimwambia hajui mambo ya Roho. Leo tunaona aibu kuandika jibu lile.

Tulikuwa na andiko letu, na linafaa kuchunguzwa, maana lingali linatumiwa namna ile ile katika vyumba vingi. Ni Marko 9. Baba mmoja amemleta kijana wake aliyeshikwa na pepo tangu utoto; anamtupa motoni na majini. Wanafunzi wameshindwa. Baadaye wanamwuliza Yesu kwa faragha sababu ya kushindwa kwao, naye anawaambia kwamba aina ile haitoki ila kwa maombi, na Biblia nyingi za zamani zinaongeza: na kwa kufunga. Maandiko ya kale zaidi hayana neno hilo la kufunga katika mstari wa 29, na ndiyo maana Biblia zingine za leo zimeliacha. Tusigombane juu ya hilo. Tuchukue kwamba limo. Swali letu ni moja: Yesu alikuwa anasema na nani? Alisema na wanafunzi. Waliotakiwa kuomba na kufunga ni wale waliotaka kuponya. Kijana aliyeteswa hakuambiwa afunge hata saa moja. Yesu alimshika mkono, akamwinua, akasimama. Sisi tuliligeuza andiko: mzigo wa waombaji tuliuweka juu ya mgonjwa. Tena mgonjwa mwenyewe hakuwa na ugonjwa ila njaa na uyatima.

Habari ya Yonatani inatuhukumu zaidi. Katika 1 Samweli 14 jeshi la Israeli linapigana na Wafilisti, na mfalme Sauli anawaapisha watu: amelaaniwa atakayekula kitu kabla ya jioni, kabla mimi sijalipiza kisasi kwa adui zangu. Msikilizeni anavyosema: adui zangu, kisasi changu. Mungu hakuamuru mfungo ule. Hakuna nabii aliyeuleta. Ni mfalme mwenye hofu anayetaka ushindi wake, naye analipa kwa matumbo ya wengine. Watu wanaingia msituni, asali inatiririka, na hakuna anayethubutu kunyoosha mkono. Sisi watu wa msitu tunajua jinsi asali ya porini inavyonukia; hebu fikirini mtihani ule. Yonatani hakusikia kiapo. Alichovya ncha ya fimbo yake, akaonja, na macho yake yakatiwa nuru. Walipomwambia juu ya laana, alisema wazi kwamba baba yake ameitaabisha nchi, na kwamba watu wangepigana vizuri zaidi kama wangekula.

Na matokeo ya mfungo ule wa amri? Jioni watu walizimia kwa njaa, wakayarukia mateka, wakachinja chini na kula nyama pamoja na damu, jambo ambalo Sheria iliwakataza. Yaani mfungo wa kulazimishwa uliwaingiza katika dhambi ambayo wasingeitenda kama wangekula asubuhi. Halafu Sauli anataka kumwua mwanawe kwa sababu ya asali kidogo kwenye ncha ya fimbo! Ni watu wa kawaida, askari waliochoka, waliosimama na kusema hapana, hata unywele mmoja wa Yonatani hautaanguka. Wakamwokoa.

Kikombe cha plastiki cha shangazi yule kilikuwa asali ya Yonatani. Na sisi tulikuwa Sauli. Hatukuwa hata kama wale askari.

Tunajua wengine watatupinga kwa Maandiko, na ni haki yao. Watasema: Yoeli 2 anaita kusanyiko la kufunga, na wanaonyonya wamo. Ni kweli, lakini msome tena: watoto wanakusanywa, wanaletwa mbele ya Mungu ili huruma yake iamke. Yoeli hasemi waachishwe ziwa. Watasema tena: Ninawi. Hapo andiko ni gumu zaidi. Katika Yona 3 mfalme wa Ninawi alitoa amri kwamba watu na wanyama wasile wala wasinywe, na Mungu aliusamehe mji. Hatutaficha jambo hilo. Lakini ni amri ya mfalme wa kipagani aliyeshikwa na hofu, akatumia njia aliyoijua, na yeye mwenyewe aliondoka katika kiti chake akakaa majivuni kwanza. Tena Mungu aliona nini? Kitabu kinasema aliona kwamba wameiacha njia yao mbaya. Na mwisho kabisa wa kitabu, Mungu anapomweleza Yona sababu ya huruma yake, anataja watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi. Wasiojua kuume na kushoto, wengi husema, ni watoto. Mungu aliwahurumia. Sisi tulimhesabu mmoja wao kuwa adui.

Na kama tunataka kujua Bwana Yesu mwenyewe angefanya nini na binti mdogo, hatuna haja ya kubahatisha. Marko 5 inatuambia. Binti wa Yairo alikuwa na miaka kumi na miwili. Yesu aliwatoa nje wenye makelele, akabaki na baba, mama na wanafunzi watatu. Akamshika mkono, binti akasimama, akatembea. Watu wote wakashangaa sana. Katika mshangao ule, Yesu peke yake alikumbuka kwamba mtoto ana njaa, akaagiza apewe chakula. Marko angeweza kuacha mstari ule, hadithi ingekuwa imekamilika. Hakuuacha. Mara ngapi tumehubiri habari ya Yairo na kuishia kwenye muujiza, kabla ya sahani?

Sisi wa kanisa la kinabii tungepaswa kuelewa tofauti ya kufunga na kufungwa kuliko watu wote. Baba Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba mwezi wa Aprili 1921. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 3 Oktoba, baraza la kijeshi la Wabelgiji huko Thysville, inayoitwa leo Mbanza-Ngungu, lilimhukumu kufa. Mfalme Albert akageuza hukumu iwe kifungo cha maisha. Alikaa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Ni miaka thelathini. Wafuasi walihamishwa kwa nguvu mbali na kwao, pamoja na wake na watoto. Wengine walipelekwa Lowa, chini ya mto wetu huu wa Lualaba, kabla ya kufika Ubundu. Ukipanda mtumbwi mkubwa hapa bandarini, unapita pale. Chakula kidogo walichopewa wazee wale, hakuna mmoja wetu anayethubutu kukiita mfungo. Kilikuwa kifungo. Mtu aliyefungwa anaweza kuomba, ndiyo. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane huko Filipi, miguu yao ikiwa imebanwa. Lakini mlinzi wa gereza alipoamini, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaosha majeraha, kuwapandisha nyumbani kwake na kuwaandalia meza. Hakuwaambia waendelee. Sasa sisi, watoto wa watu waliofungwa, tulipataje kuwa walinzi wa gereza la binti wa miaka tisa?

Sheria ya nchi nayo imesema. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kuwa mchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu ya gereza. Ni vizuri kila kiongozi wa kikundi ajue hivyo. Lakini tunaona haya kwamba serikali ilitufundisha jambo ambalo lilikuwa katika Marko 5 siku zote.

Ilituchukua miaka mingi mno kwenda kumwomba shangazi msamaha. Tulikuwa watu watano. Alikuwa amehamia Alunguli, tukavuka mto kwa mtumbwi. Ilikuwa Ijumaa, na sisi tulikuwa tumefunga, kwa kuwa tuliona jambo hilo linataka maombi. Tulimkuta amekaa chini ya mti akichagua mchele kwenye ungo. Tulisema tuliyokuja kusema. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusema tumesamehewa wala hatukusamehewa. Aliinuka, akaweka sufuria motoni, akasema: "Mmevuka na jua hili. Mle kwanza." Tulitazamana. Mmoja wetu alinong'ona kwamba tumefunga. Mama akasikia. "Basi," akasema, "mfungue."

Tulikula wali na samaki ilhali jua lingali juu. Tukamwuliza habari ya binti. Alisema yuko Kisangani, ameolewa, ana watoto wawili. "Mimi mnaniomba msamaha kwa nini? Mimi nilikuwa nimekula. Mwombeni yeye. Nauli ya mpaka Ubundu mnaijua." Tumemwandikia barua, tukampa mtu anayesafiri. Jibu halijafika. Watu wawili kati yetu wameanza kuweka pesa ya safari.

Basi kwa zile siku tatu zilizotangazwa, tunawaomba tuenende hivi. Wanaoitisha mfungo waanze wao, kama malkia Esteri alivyojihesabu yeye na wajakazi wake pamoja na watu aliowaomba kufunga. Mtu mzima mwenye afya afunge kama moyo wake unavyompeleka, na asitangaze sokoni. Mathayo 6 inamtaka aoge, ajipake mafuta, asikunje uso. Maji yanywewe, maana joto la Kindu sote tunalijua. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mzee asiye na nguvu, mgonjwa, anayetumia dawa za kifua kikuu, za sukari au za virusi, hao wale na wameze dawa zao kwa saa zake, na mtu yeyote asiwaambie kwamba imani yao ni ndogo. Kiongozi atakayemzuia mgonjwa dawa, jina lake litaletwa mbele ya wazee. Yule ambaye nyumbani kwake hakuna kitu siku ile, asijihesabu kuwa amefunga. Aje atuambie.

Wenye madeni ya wafanyakazi wawalipe kabla ya siku ya kwanza. Tunasema hasa na wenye maduka na wenye mitumbwi.

Na mama aliyetuuliza mlangoni: hapana, mama. Mtoto asifunge. Mpe chai yake asubuhi na mkate ukipatikana, kisha mje naye katika maombi, aimbe.

Kila anayefunga alete kopo la mchele, au mihogo, au kile ambacho angekula. Akina mama watapika nyuma ya kanisa siku zote tatu kuanzia saa nane, kwa ajili ya watoto wa mtaa na yeyote mwenye njaa, bila kuuliza anasali wapi. Sufuria tunazo mbili. Mwenye sufuria kubwa zaidi aiazime, na vijana walete kuni siku moja kabla.